Kuendesha izakaya Düsseldorf: mwongozo kamili wa mkaa, tare, dashi na kaunta

Izakaya ni baa ya Kijapani, mahali pa kunywa panapopikwa vizuri. Wateja wanakaa saa mbili au tatu, wanaagiza glasi, kisha sahani ndogo mbili, kisha glasi nyingine na mishikaki mitatu, na kila kinachofika mezani ni cha wote. Izakaya nyingi za Ulaya hukwama papo hapo: mwenye mgahawa anatanguliza sushi, anapanga menyu yake kwa chakula cha kwanza, chakula kikuu na kitindamlo, halafu anashangaa mteja anapokula sahani moja, kulipa na kuondoka ndani ya saa moja. Kila uamuzi utakaousoma hapa chini, kuanzia urefu wa jiko hadi uzito wa mshikaki mmoja, umepimwa kwa swali hili: je, mteja ataagiza tena?

Düsseldorf, mji wa Ujerumani, ni mahali pazuri pa kuanzia. Kampuni za Japani zilianza kufungua ofisi hapa miaka ya 1950, na leo maelfu ya Wajapani wanaishi mjini na pembezoni mwake. Mitaa ya Immermannstraße, Klosterstraße na Oststraße, umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka stesheni kuu, ina maduka ya vyakula, ya mikate na ya vitabu vya Kijapani, na waagizaji wakubwa wa bidhaa za Japani wana maghala yao papa hapa. Tena wenyeji wenyewe wana desturi inayokusaidia. Kwenye nyumba za kutengenezea Altbier, bia ya mji huu yenye rangi ya kahawia, mhudumu anakuletea glasi ndogo mpya kabla hujaomba, na ataendelea mpaka ufunike glasi yako kwa kile kikadibodi cha kuwekea glasi. Mteja wa namna hii hahitaji kufundishwa kunywa kidogo kidogo. Kufundishwa kwake ni kula kidogo kidogo.

Karatasi zinatangulia mkaa

Usisaini mkataba wa pango kabla ya kujua chumba hicho kimesajiliwa kwa matumizi gani. Kama kilikuwa duka la nguo, utahitaji kibali cha ujenzi cha kubadilisha matumizi, Nutzungsänderung, ambacho huweza kuchukua miezi huku kodi ikikimbia. Chumba kilichokuwa mgahawa, chenye vyoo vya wateja, mtego wa mafuta kwenye bomba la majitaka na njia ya moshi inayofika juu ya paa, ni afadhali hata kama kodi yake imezidi.

Ukiuza kilevi kinachonywewa hapo hapo, unahitaji leseni ya mgahawa, Gaststättenerlaubnis. Utatakiwa kuleta cheti cha tabia njema, uthibitisho kwamba hudaiwi kodi, ramani ya chumba, na cheti cha mafunzo mafupi ya usafi wa vyakula yanayotolewa na chemba ya biashara na viwanda, IHK. Kila atakayegusa chakula, na muosha vyombo yumo, anahudhuria somo la idara ya afya kuhusu magonjwa ya kuambukiza. Cheti chake kisizidi miezi 3 siku anapoanza kazi kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo mwajiri anarudia somo hilo kila miaka 2 na kuliweka kwenye maandishi.

Kuna kanuni chache ambazo wageni hujikwaa nazo. Jimbo la Nordrhein-Westfalen lilipiga marufuku kabisa uvutaji sigara ndani ya migahawa tangu tarehe 1 Mei 2013, kwa hiyo ile sura ya baa ya Kijapani iliyojaa moshi wa sigara isahau. Orodha ya bei ibandikwe karibu na mlango wa kuingilia, nje. Angalau kinywaji kimoja kisicho na kilevi kisiwe ghali kuliko kinywaji cha kilevi cha bei ya chini kabisa, na wakaguzi wanalinganisha kwa lita pia. Bia na divai ni kuanzia miaka 16, lakini shochu, pombe kali ya Kijapani, na wiski ni 18. Aliyelewa waziwazi haruhusiwi kuuziwa tena, na hilo peke yake linatosha kuufanya mpango wa kunywa bila kikomo kwa bei moja, unaopendwa sana Japani, kuwa mtego kwako.

Jiko la mkaa na hewa yake

Hapa ndipo pesa nyingi zinapokwenda, na ndipo watu wanapodhurika. Mkaa unaowaka vizuri hautoi moshi, ila unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua. Kwa sababu hiyo jiko la mkaa ndani ya nyumba halihesabiwi kama kifaa cha kawaida cha jikoni. Kabla ya kununua chochote, mwite fundi wa dohani wa wilaya, Schornsteinfeger, aone njia ya moshi. Akikataa, hakuna wa kumzunguka. Ushauri wake kabla ya ujenzi utakugharimu kidogo, lakini kukataa kwake baada ya ujenzi kutakugharimu jiko zima.

Mambo matatu hayana mjadala. Kofia ya kuvuta hewa ifunike jiko lote na kuzidi kingo zake kwa sentimita 20 hadi 30 kila upande. Hewa safi iingie kwa kiasi kile kile kinachovutwa, maana feni kali kwenye chumba kilichofungwa huvuta hewa chafu kurudi ndani. Na vipima kaboni monoksaidi viwe viwili, kimoja upande wa mpishi na kingine upande wa wateja, kwenye kimo cha kichwa cha mtu. Feni iwashwe kabla ya mkaa na izimwe baada ya mkaa kuondolewa, si wakati mmoja nao.

Jiko lenyewe, konro, ni sanduku refu na jembamba la udongo mwepesi wa diatomu. Juu yake hakuna wavu: kuna vyuma viwili vya mraba vinavyopita kwa urefu, na mishikaki inalazwa juu yake kama daraja, nyama ikining'inia sentimita 5 hadi 8 juu ya mkaa. Udongo huo haupendi maji. Ukimwagiwa maji ungali moto, unapasuka siku hiyo hiyo. Jiko jipya liwashwe kwa moto mdogo wa saa mbili au tatu mara ya kwanza, ili unyevu utoke.

Ukubwa wake usikisie. Konro ya sentimita 60 inabeba mishikaki 12 kwa wakati mmoja. Kila mmoja unakaa kama dakika 8, kwa hiyo kwenye karatasi utapata kama 90 kwa saa. Toa theluthi moja kwa ajili ya kugeuza, kuhamisha na kusubiri oda, inabaki 60. Wateja 30 wakila mishikaki mitano kila mmoja ndani ya saa mbili na nusu, hiyo ni 150, yaani 60 kwa saa. Umefika mwisho wa jiko bila nafasi ya kundi la watu wanane kuingia saa mbili usiku. Nunua la sentimita 90.

Mkaa bora ni binchotan, wa mwaloni mgumu, unaotoka hasa Wakayama na Kochi. Ukigonganisha vipande viwili vinalia kama chuma. Ni ghali Ulaya, ndiyo maana wengi hutumia ogatan, mkaa wa vumbi la mbao lililoshindiliwa wenye tundu katikati, na kuongeza binchotan upande wa moto mkali tu. Mchanganyiko huo unatosha kabisa, na mteja hataonja tofauti kwenye mshikaki wa tare, ule unaochovywa kwenye mchuzi mtamu wa soya. Kwenye mshikaki wa chumvi pengine.

Kuwasha:

1. Weka mkaa kwenye sufuria ya chuma yenye matundu chini, juu ya gesi, moto ukiwa mdogo kwa dakika 10. Mkaa uliovuta unyevu ukipata moto mkali ghafla hupasuka na kurusha vipande. Vaa miwani ya kazi.
2. Ongeza gesi kwa dakika 20 hadi 30 mpaka mkaa uwe mwekundu hadi ndani na kingo zipate majivu meupe.
3. Hamishia kwenye konro kwa koleo ndefu. Pangilia vipande vikigusana, kuanzia ukuta hadi ukuta. Penye pengo ndipo mshikaki utakapobaki mbichi.
4. Upande mmoja panga tabaka mbili, mwingine moja. Sasa una moto mkali na moto mpole.
5. Subiri dakika 10 kabla ya nyama ya kwanza. Madirisha ya chini ndiyo yanayoongeza au kupunguza joto. Kipepeo cha mkononi ni cha kufukuza moshi wa mafuta usishike nyama.

Konro ya sentimita 60 inaanza na kilo 3 hadi 4, na kuongezwa kila saa. Mkaa wa kuongeza uwe umeshawaka pembeni, maana kipande cheusi kikiingia katikati ya kazi kinapoza jiko zima.

Kuku, kijiti kwa kijiti

Mpishi aliyezoea mishikaki ya pwani ana jambo moja la kuacha nje ya mlango: kulaza nyama kwenye viungo. Nyama ya yakitori, mishikaki ya kuku ya Kijapani, inaingia motoni kavu, ikiwa na chumvi peke yake au bila chochote, na ladha ya mchuzi inakuja dakika ya mwisho.

Paja zima la gramu 280 hadi 300, likitolewa mfupa na kubaki na ngozi, linatoa kama gramu 180, yaani mishikaki mitano ya gramu 35. Uzito huo una maana yake. Mshikaki wa gramu 60 unashibisha baada ya miwili na mteja anaacha kuagiza. Wa gramu 20 unakauka kabla ya ngozi kuiva. Kata vipande vya sentimita 2.5. Chomeka kwa kufuata ngozi na nyama kama unashona, vipande vikibanana, vidogo upande wa mshiko na vikubwa kwenye ncha. Ncha ndiyo inayokaa penye moto, na ndiyo inayoumwa kwanza. Tumia kijiti cha mianzi cha sentimita 15 chenye mshiko bapa, kwa sababu cha mviringo kinazunguka ndani ya nyama: unageuza kijiti, nyama inabaki pale pale.

Kwa mshikaki wa kuku na kitunguu, liki ya Kijerumani ni nene na ngumu mno. Chagua liki changa au sehemu nyeupe ya vitunguu vya majani, kata sentimita 3, weka vipande viwili kati ya vitatu vya nyama. Firigisi, mioyo na ngozi ya shingo havipatikani kwenye duka la kawaida la Kijerumani. Wachinjaji wa Kituruki wanavyo, vikiwa vibichi, kwa bei ya chini, na ukiagiza mapema watakuwekea.

Ngozi ndiyo inayoharibika zaidi mikononi mwa wasiojua. Ichemshe dakika 10 kwanza, suuza, kwangua mafuta ya manjano, kata vipande vya upana wa sentimita 3, vikunje na kuvishona vikibanana. Kisha dakika 12 hadi 15 upande wa moto mpole. Ukiipeleka mbichi kwenye moto mkali, mafuta yanadondoka, miali inapanda, na unapata ngozi nyeusi nje na mpira ndani.

Vinyunya vya nyama ya kusaga, tsukune, kwa mishikaki 12 hivi:

- nyama ya paja iliyosagwa, gramu 450
- gegedu la kifua au la goti, limekatwakatwa, gramu 50
- chumvi gramu 5
- liki iliyokatwakatwa, gramu 60
- tangawizi iliyokunwa, gramu 8
- kiini cha yai 1
- wanga wa viazi, gramu 10

Kanda nyama na chumvi peke yake, ikiwa baridi sana, mpaka ivutike na kunata mkononi. Ndipo uweke vingine. Ukichanganya vyote kwa pamoja, maji ya liki yanazuia nyama isishikane, na vinyunya vinadondokea mkaani saa ya kazi nyingi. Finyanga, chovya dakika 3 kwenye maji ya nyuzi 85, poza, chomeka. Usiku ni kuvipa rangi na kuvimalizia moto tu.

Kuchoma kwenyewe: nyunyiza chumvi kutoka kimo cha sentimita 30 ili isambae, kama gramu 0.3 kwa mshikaki. Anza na upande wa ngozi. Geuza mara kwa mara badala ya kuacha upande mmoja uungue. Mshikaki wa tare unachovywa ukiwa umeiva kwa sehemu kubwa, unarudi motoni nusu dakika, unachovywa tena, unarudi mpaka ung'ae. Ukichovya mapema sukari inaungua ilhali ndani bado kubichi, na hilo ndilo kosa linalorudisha sahani nyingi jikoni.

Japani utakuta maini yanayotolewa yakiwa mekundu katikati, hata kuku mbichi. Usijaribu hapa. Bakteria wa Campylobacter ni wa kawaida kwenye kuku wa Ulaya, na kipimo unachotetea mbele ya mkaguzi ni nyuzi 70 katikati ya nyama kwa dakika 2. Maini bado yanaweza kuwa laini: vipande vinene vya gramu 15, moto mkali, toa mara tu kipimo kinapotimia. Koleo la mbichi na la iliyoiva yawe ya rangi mbili tofauti. Kuku asioshwe kwenye sinki, maji yakiruka yanasambaza bakteria hao hadi kwenye kachumbari.

Tare

Kwa kuanzia: mirin (pombe tamu ya mchele ya kupikia) lita 1, sake (pombe ya mchele) nusu lita, shoyu (mchuzi wa soya) lita 1, sukari gramu 250, mifupa ya kuku kilo 1, majani mabichi ya liki gramu 100, tangawizi gramu 30.

Choma mifupa kwenye oveni nyuzi 220 mpaka iwe kahawia iliyokolea, bila kufika weusi. Chemsha mirin na sake dakika 4 ili kilevi kitoke, ukiwa mbali na miali maana mvuke wake unashika moto. Tia vilivyobaki, punguza moto, acha kwa saa moja bila kifuniko mpaka ibaki kama lita 1.8. Chuja. Ikipoa inapaswa kufunika mgongo wa kijiko bila kuganda.

Kagua chupa ya mirin. Mirin halisi ina kilevi cha asilimia 14 hivi. Zile za bei rahisi zilizojaa madukani ni sharubati ya glukosi yenye chumvi na asidi. Tare yake ni tamu na yenye kunata, ila haing'ai juu ya nyama. Shoyu si tatizo: Kikkoman inachachushwa Hoogezand-Sappemeer, Uholanzi, tangu 1997, na ni ile ile kwa kazi hii. Kumbuka tu kwamba ina soya na ngano, na vyote viwili vimo kwenye orodha ya vizio 14 ambavyo sheria ya Umoja wa Ulaya inataka uvitaje.

Tare inayotumika kila siku na kuongezewa inazidi kunoga, kwa sababu kila mshikaki unaacha mafuta na utomvu wake ndani. Kila mshikaki unaacha pia bakteria. Gawanya basi: sufuria mama inakaa kwenye friji, mtungi wa nusu lita unakaa karibu na jiko. Usiku, cha kwenye mtungi kinachemshwa mpaka kitokote kabisa, povu linatolewa, kinachujwa kwa chujio laini, kinapozwa ndani ya saa 2, ndipo kinarudi kwa mama. Andika tarehe, joto na jina la aliyefanya. Mkaguzi akikuta daftari hilo, tare ya miaka mitatu haina shida. Asipolikuta, hata ya juzi itamwagwa.

Dashi na maji ya Düsseldorf

Dashi ni supu nyepesi ya msingi ya Kijapani, na inaanza na kombu, mwani mkavu. Maji ya bomba hapa yana chokaa nyingi kupita maji laini ya Japani, na kombu inakataa. Kalisi inashikana na utelezi wa mwani, ladha haitoki, juu linaelea povu jeupe. Wapishi wengi wageni huongeza kombu. Wanachopata ni harufu ya bahari bila unono. Badilisha maji badala ya mwani: weka chujio la osmosisi kwenye bomba la jikoni, au kwa kuanzia nunua maji laini ya chupa kama Volvic.

Kwa lita 5: kombu gramu 50, katsuobushi (samaki mkavu wa moshi aliyeparuzwa vipande vyembamba) gramu 125.

1. Futa kombu kwa kitambaa kikavu, usiioshe. Iloweke kwenye maji baridi usiku kucha kwenye friji.
2. Pandisha joto polepole mpaka nyuzi 60, shikilia hapo dakika 40 hadi 60. Toa kombu. Isichemke.
3. Pandisha mpaka nyuzi 85, zima moto, tia katsuobushi zote, subiri dakika 1 hadi 2.
4. Chuja kwa kitambaa, acha idondoke yenyewe. Usikamue.

Ikiwa chungu na yenye utelezi, kombu ilichemka. Ikiwa kali na yenye shombo, ulikamua au ulichemsha samaki. Masazo yachemshwe tena kwa lita 3 dakika 10: hiyo ni dashi ya pili, ya supu ya miso na vya kuchemsha. Ya kwanza itunzie mayai na michuzi ya kuchovya.

Katsuobushi inaletwa Ulaya kwa shida, kwa kuwa moshi wake unaacha kemikali ambazo Umoja wa Ulaya umeziwekea kikomo. Kwa hiyo nyingi unazouziwa zimetengenezwa huku huku, Concarneau nchini Ufaransa au Galicia nchini Hispania. Zinafaa. Pakiti ikishafunguliwa, itie kwenye friza na uimalize ndani ya siku chache.

Weka pia sufuria ya pili isiyo na samaki: uyoga mkavu wa shiitake gramu 25 kwa lita moja ya maji baridi, usiku kucha, pamoja na kombu gramu 10. Wasiokula nyama ni wengi mjini humu, na tofu iliyowekwa dashi ya samaki ikaitwa ya mboga ni malalamiko yanayostahili.

Vya mafuta, vya baridi, vya mbichi

Karaage, kuku wa kukaanga wa Kijapani, inategemea kukaanga mara mbili. Paja gramu 500 likatwe vipande vya gramu 40, shoyu vijiko 2 vya chakula, sake kijiko 1, tangawizi gramu 10, nusu saa tu. Ikilala usiku kucha kwenye shoyu inakuwa nyeusi kabla ya kuiva. Paka wanga wa viazi wakati oda imeingia, kaanga nyuzi 165 dakika 3 na nusu, pumzisha dakika 4 juu ya waya, kaanga tena nyuzi 190 kwa dakika 1. Vipande vinane kwa kikaango cha lita 8 ndio mwisho, ukizidisha mafuta yanapoa na wanga unanyonya.

Edamame (soya changa ndani ya maganda) za kugandishwa: chumvi gramu 40 kwa lita ya maji, dakika 4, zisitiwe maji baridi. Tofu ya kukaanga: kamua nusu saa chini ya uzito, wanga, nyuzi 180, na mchuzi wa dashi 4, shoyu 1, mirin 1. Saladi ya viazi ya Kijapani itauzika vizuri kuliko unavyodhani, Mjerumani anaifahamu na anataka kuilinganisha na ya kwao.

Samaki mbichi iwe sahani mbili au tatu, basi. Kanuni ya Ulaya inataka samaki wa kuliwa mbichi wagandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15, ili minyoo wafe. Samoni wa kufugwa mara nyingi anasamehewa, mradi muuzaji akupe hati ya ufugaji na ya malisho. Iweke hati hiyo kwenye faili. Bila hati, gandisha.

Kaunta, glasi na kile kisahani cha kwanza

Viti kumi mbele ya jiko vina thamani kuliko meza tano za pembeni. Mteja anayeona mshikaki ukigeuzwa anauagiza. Weka kioo cha sentimita 30 kati yake na moto, kizuie cheche bila kuziba macho.

Kule Japani mteja huletewa kisahani kidogo, otoshi, akikaa tu, na kinaingia kwenye bili. Hapa sheria haimlazimishi mtu kulipia asichoagiza, na ugomvi wa euro tatu unaharibu jioni ya euro sitini. Kuna njia mbili safi: kiandike juu kabisa ya menyu kwa bei yake na mhudumu aulize, au kitoe bure na ukiingize kwenye bei ya bia. Ya pili inafanya kazi vizuri zaidi kwa wenyeji. Kiwe cha gramu 50 au 60, kimetengenezwa mchana, kinachofika ndani ya dakika 3: mchicha na ufuta, figili iliyochemshwa, matango yaliyopondwa.

Mhudumu aseme maneno mawili anapotoa menyu: vyote ni vya kugawana, na anzeni na vitatu au vinne kwa watu wawili. Asipoyasema, kila mmoja ataagiza chake na kungoja vyote vije pamoja. Oda za jiko zigawe: mishikaki miwili miwili, kamwe si kumi kwa mkupuo, kwa sababu mshikaki uliokaa dakika 5 mezani umekufa. Chakula cha kufungia, onigiri (donge la wali) ya kuchoma au wali wa chai, kipendekezwe pale glasi ya mwisho inapobakia nusu.

Highball, wiski kwa soda, ni kinywaji chenye faida na ndicho kinachoharibiwa kirahisi. Jaza barafu hadi ukingoni, wiski mililita 40, koroga mpaka glasi itoe jasho, mimina soda mililita 160 iliyopozwa nyuzi 4 ukiipitisha pembeni ya barafu, inua kwa kijiko mara moja tu. Soda ya joto inapoteza gesi ikigusa barafu. Wateja 30, glasi tatu kila mmoja, wanakula kilo 15 hadi 18 za barafu usiku mmoja. Mashine ndogo itakuacha bila barafu saa tatu usiku. Shochu ya maji ya moto: maji kwanza, kisha shochu, ijichanganye yenyewe. Sake ya moto ipashwe ndani ya chupa yake kwenye maji ya nyuzi 80 baada ya kuzima moto, itolewe ikifika nyuzi 45. Na usiache kuuza Altbier: shayiri yake iliyokaangwa inapatana na tare kuliko lager yoyote ya Japani.

Kufunga

Mkaa usizimwe kwa maji. Uhamishie kwenye chungu cha chuma chenye kifuniko kinachobana, utajizima kwa kukosa hewa, na kesho vipande hivyo vinashika moto upesi kuliko vipya. Chungu hicho kikae chini ya kofia, feni ikiendelea kuvuta, kwa sababu bado kinatoa hewa ya sumu kwa muda. Majivu yakae siku nzima kwenye ndoo ya chuma kabla ya kwenda kwenye taka. Vichujio vya kofia vioshwe kila usiku, si kila wiki, maana mafuta ya kuku juu ya mkaa ndiyo moto wa dohani. Mtego wa mafuta una ratiba yake ya kunyonywa na kampuni yenye kibali, kwa kawaida kila mwezi, na stakabadhi zake mkaguzi anaziomba pamoja na daftari la tare.